Baada ya Kisu: Ngozi Iliyopandikizwa na Mji Unaoipokea

    

 Nimeombwa nizungumze juu ya kupona baada ya upasuaji wa saratani ya ngozi, hasa pale mgonjwa anapopandikizwa ngozi. Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba daktari wa upasuaji humaliza sehemu yake kwa saa chache, na kwamba kinachofuata, ambacho mara nyingi ndicho huamua kama mgonjwa atapona, kiko kwa watu wa nyumba yake, shule yake, soko lake na mji wake. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufunga na kufungua vidonda, kwa hiyo nitasema kama muuguzi asemavyo, kwa kuonyesha na kuelekeza.

Hoja ya kwanza: ugonjwa huu ni wa kwetu

Wapo bado wanaodhani saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu wanaojianika ufukweni. Hapa Tanzania wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Ulaya na Marekani ya Kaskazini hukadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja kati ya 1,400. Ngozi yao haina, au ina kidogo mno, ile rangi inayozuia mionzi ya jua, na sisi wa Kigoma tunaishi takriban digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Mtoto mwenye ualbino anaweza kuwa na ngozi iliyoungua kabla hajatimiza mwaka. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mdomo wa chini, sikio, shavu au shingo huanza kuota gamba linalobanduka na kurudi, linabanduka na kurudi. Hapo ndipo pa kuwahi. Gamba la ukubwa wa punje ya harage hutolewa na kidonda kikashonwa siku hiyo hiyo. Likiachwa likafikia ukubwa wa kiganja, hapatashoneka tena, na ndipo inapobidi kuchukua ngozi pengine na kuipandikiza.

Mkoa huu unalijua suala la ualbino kwa uchungu. Baada ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walikusanywa Kabanga, kule Kasulu, wakalindwa ndani ya uzio wa shule. Jambo hilo lilikuwa la lazima. Lakini uzio unazuia panga, hauzuii jua, na wanaowahudumia watu wenye ualbino wanajua kwamba saratani imewaua wengi kuliko panga. Hao hawatangazwi redioni. Hufia ndani, wamefunikwa kanga usoni, kwa sababu ya harufu ya kidonda.

Na wenye ngozi nyeusi tusijione tuko salama. Yako makovu. Mwaka 1828 daktari mmoja wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza juu ya vidonda vinavyoota kwenye makovu ya zamani, na mpaka leo saratani ya namna hiyo huitwa kwa jina lake. Sasa jiulizeni, ni watoto wangapi wa mkoa huu wameunguzwa na mawese yanayochemka nyuma ya nyumba, au na mafuta ya taa? Kovu kubwa la goti ambalo halikupandikizwa ngozi mapema hupasuka kila mguu unapokunjwa, linafunga, linapasuka tena. Likiendelea hivyo miaka ishirini au thelathini, linaweza kugeuka saratani. Kidonda cha mguu kilichozeeka nacho ni hivyo hivyo. Mama aliyeungua akiwa mtoto, leo ana wajukuu, na kovu limeanza kuota nyama na kutoa damu, huyo hajalogwa. Anahitaji kukatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara, na iwe mwezi huu.

Hoja ya pili: ngozi hushika au hukataa katika siku chache za mwanzo

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza kazi nzuri ya madaktari.

Kuna kupandikiza kwa namna mbili. Kidonda kikiwa kidogo na kiko usoni, daktari hukata kipande cha ngozi nzima nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, kisha anapashona pale alipotoa. Kidonda kikiwa kipana, huchuna pajani ngozi nyembamba sana kwa kisu maalumu, akailaza juu ya kidonda na kuibana kwa nyuzi au pini. Ngozi hiyo imetenganishwa na mishipa yake yote ya damu. Iko kama mche wa mchikichi uliong'olewa kitaluni jioni ya leo. Kwa siku mbili za mwanzo hujilisha kwa majimaji yanayotoka kwenye kidonda ilichokilalia, basi. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mishipa midogo ya chini na ya juu huanza kukutana, na kufikia siku ya tano hadi ya saba damu huwa inapita. Mambo matatu huivuruga: damu au maji kujikusanya chini yake, vijidudu, na kusogezwa. Hilo la tatu ndilo linalotutesa zaidi.

Kwa hiyo ukimwona mgonjwa ana furushi la pamba limeshonewa shavuni, usiulize kwa nini wamemfunga ovyo. Furushi lile limewekwa makusudi kuikandamiza ngozi isicheze. Mgonjwa wa shavu au mdomo asitafune nyama wala mahindi ya kuchoma. Apewe uji, mtori, samaki aliyechambuliwa, na azungumze kidogo. Wa kichwani asifungwe kilemba cha kubana wala asilalie upande ule. Wa mguuni alale mguu ukiwa juu ya mto, juu kuliko kiuno, wala asiuning'inize kitandani hata wakati wa kula. Mguu ukining'inia damu hujaa, ngozi inainuliwa kutoka chini, na asubuhi tunakuta imegeuka zambarau. Daktari ndiye atakayesema lini aanze kutembea, na akianza, atembee hatua chache, bandeji imefungwa kuanzia vidole vya mguu kupanda juu.

Siku ya kufungua, mara nyingi siku ya tano, tunaloanisha bandeji kwa maji safi ya chumvi mpaka iachie yenyewe. Hatuvuti. Nimeona ndugu wa mgonjwa wakifumba macho wakati huo, nami huwaambia wafumbue, maana wao ndio watakaoitunza. Ngozi iliyoshika ni ya waridi, iko bapa, ukiigusa kwa ncha ya kidole chenye glovu haitelezi. Iliyokataa ni nyeusi kama ganda kavu, au nyeupe inayoelea juu ya usaha. Mara nyingine sehemu kubwa imeshika na kona moja imekataa. Msikate tamaa kwa kona moja. Husafishwa ikafunga polepole, au ikapandikizwa tena.

Kuna jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi vya kutosha, na nalisema kwa mkazo. Pale pajani palipochunwa panauma kuliko kwenye saratani yenyewe. Mgonjwa huamka akidhani kuna kosa limefanyika. Hakuna kosa. Pamechunwa tabaka la juu tu, mishipa ya fahamu iko wazi, na pakiachwa bila kuchokonolewa hufunga kwa wiki mbili hivi. Bandeji ya pale ikigandamana na damu iacheni. Ngozi mpya ikikamilika chini yake itaachia yenyewe. Dawa ya maumivu si anasa, ombeni. Na mwasho utakaokuja baadaye ni wa kweli. Kata kucha, papasa, usikune.

Sasa wageni. Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali, awe wa Kibirizi au wa Kasulu, nyumba hujaa watu, na hilo ni jema, ndiyo ubinadamu wetu. Lakini kuna mgeni atakayesema, «Hebu nione walivyokufanya.» Bandeji haifunguliwi kwa ajili ya mgeni, awe shangazi, awe mwenyekiti wa mtaa. Na mwingine atakuja na chupa ya mafuta ya mise, au majani yaliyotwangwa, kwa mapenzi mema kabisa. Wazee wangu wa tiba asili mliopo hapa, naomba kwa heshima: ngozi mbichi isipakwe kitu chochote ambacho hospitali haikukitoa. Ikishafunga kabisa, mise inafaa kuilainisha, kwa sababu ngozi nyembamba iliyopandikizwa haitoi mafuta wala jasho kama ilivyokuwa pajani, na ikikauka hupasuka.

Chakula nakipitia upesi kwa kuwa tumejaliwa. Ngozi hujengwa na protini, na ziwa letu lina dagaa na migebuka. Ongeza maharage na yai. Sigara na ugoro viachwe, kwa sababu hubana mishipa ile midogo tunayoisubiri ikutane.

Hoja ya tatu: kidonda kufunga si ugonjwa kwisha

Wapenzi wa rege mliopo hapa mnamjua Bob Marley. Mwaka 1977 aligunduliwa saratani chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ile aina ya hatari ambayo kwa watu weusi hupenda kujificha nyayoni na chini ya kucha. Alikataa kidole kukatwa. Ukucha na nyama yake vilitolewa, akapandikizwa ngozi iliyotoka pajani. Aliendelea na maonyesho. Aprili 1980 alitumbuiza katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa, na alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Namtaja ili mkumbuke kwamba ngozi juu inaweza kupona vizuri huku saratani ikiendelea chini. Mvuvi anayetembea peku akiona doa jeusi linalokua unyayoni asiliite mwiba.

Kwa hiyo yapo maswali mawili ambayo kila mgonjwa au ndugu yake ayaulize kabla hajaondoka wodini. La kwanza: majibu ya maabara yamesemaje, je, kingo za nyama iliyotolewa ni safi? La pili: narudi lini? Saratani ya aina inayowapata zaidi wenye ualbino, kama itarudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa huitwa kila baada ya miezi michache, akaguliwe kovu, akaguliwe ngozi yote kuanzia utosini, na apapaswe tezi za shingo, kwapa au kinena kulingana na mahali kidonda kilipokuwa. Wengine hupangiwa pia tiba ya mionzi baada ya ngozi kushika.

Tusidanganyane kuhusu umbali. Mgonjwa huanzia kituo cha afya, au hospitali ya Kabanga, au Maweni hapa mjini, kisha hupewa rufaa ya Bugando kule Mwanza, au Muhimbili na Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kwa reli, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Familia inauza mbuzi kwenda upasuaji, haina cha kuuza kurudi kliniki. Ndipo mgonjwa anapotoweka, na anakuja kuonekana tena akiwa na uvimbe shingoni.

Mengine yako ndani ya uwezo wetu. Mwenye kusafiri na mguu uliopandikizwa akate siti ambayo anaweza kuunyoosha mguu na kuupandisha juu ya begi, na kondakta aelezwe mapema. Mwenye ualbino anayeondoka Kigoma alfajiri kuelekea Kasulu na Kibondo akae upande wa kushoto, maana jua la asubuhi litampiga dereva upande wa kulia. Kioo cha basi hakizuii mionzi yote. Ndugu zangu wenye mabasi, mnaona jinsi msaada wenu ulivyo mdogo kwa gharama na mkubwa kwa faida.

Hoja ya nne: mgonjwa hawezi kurudi kwenye jua lile lile

Ngozi iliyochukuliwa pajani mwa mtu mwenye ualbino haina rangi ya kujikinga, sawa na ile iliyotolewa. Akirudi kwenye kazi ile ile juani, tutampandikiza tena mahali pengine. Naomba basi tuzungumze kazi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, lakini huanikwa mchana. Kazi ya kuanika na kugeuza, pale Katonga na Kibirizi, ni ya akina mama, kuanzia asubuhi jua likipanda. Mchanga nao hurudisha sehemu ya mionzi usoni, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Mama mwenye ualbino aliyepandikizwa ngozi shavuni asiambiwe tu «usifanye kazi». Atakula nini? Apewe kazi ya kupima na kuuza chini ya kivuli, au ageuze dagaa kabla ya saa nne na baada ya saa kumi, na wenzake wamshikie saa za katikati. Vikundi vya akina mama wa mwalo vinaweza kulipanga hilo kesho asubuhi bila kumwandikia mtu barua.

Kofia ninayoiona ikigawiwa mara nyingi ni ile ya kepu, inayofunika paji la uso na kuacha masikio. Masikio ndiyo yanayoliwa. Kofia inayofaa ina ukingo wa vidole vinne kuzunguka pande zote. Fundi yeyote wa Mwanga hapa mjini anaweza kuishona kwa kitambaa kizito. Shati liwe la mikono mirefu. Mafuta ya kujikinga na jua yapakwe usoni, masikioni, shingoni na mikononi, yarudiwe kila baada ya saa mbili kwa anayekaa nje. Mise haizuii jua. Losheni za dukani zenye harufu nzuri hazizuii jua, isipokuwa zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza 1992, mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto Valdés, alianzisha utengenezaji wa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ni ushahidi kwamba kinga hii inaweza kutengenezwa nchini. Kazi iliyobaki ni kuifikisha kila wilaya, bila kukatika.

Walimu, nanyi nina neno. Paredi ya asubuhi ikirefuka, mtoto mwenye ualbino asimame kivulini. Asichapwe kwa kuvaa kofia. Adhabu ya kufyeka nyasi saa sita mchana, kwake ni kumjeruhi.

Hoja ya tano: mji nao hutibu

Huyu ninayemtaja sasa Waingereza wanamkumbuka, sisi tumemsahau. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa daktari wa upasuaji wa ngozi katika vita vikuu vya pili. Kwenye hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza, aliwapandikiza ngozi marubani walioungua nyuso na mikono. Aliona haraka kwamba kijana aliyepona kidonda huweza kufa kwa kujificha. Basi akawaendea wenyeji, akawaomba wawaalike vijana wale majumbani, wawakaribishe kwenye vilabu na sinema, wawatazame usoni kama watu. Watu wa mji wakakubali, na sifa ya mji ule mpaka leo ni kwamba haukuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaunda chama chao, wakatembeleana kwa miongo mingi.

McIndoe huyo baadaye alikuwa na shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ni huko ambako yeye, Michael Wood na Tom Rees, wote watatu madaktari wa upasuaji wa namna hii, walipanga huduma ya madaktari wa ndege iliyozaa shirika la afya la AMREF mwaka 1957. Elimu ya kupandikiza ngozi, pamoja na ile ya mji kumpokea mgonjwa, ilikuwa imekwisha kufika kwetu kabla ya uhuru.

Kigoma inaweza kufanya kama East Grinstead. Huu ni mji uliopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kizazi baada ya kizazi. Haushindwi kumpokea binti wa Buhigwe aliyerudi Bugando akiwa na shavu la rangi mbili. Msikiti na kanisa vimweke safu ya mbele. Muuza duka apokee fedha mkononi mwake. Watoto wafundishwe kumwamkia kwanza, wamuulize baadaye. Na waliopona wamtembelee aliyelazwa, wamwonyeshe kovu lao, kwa sababu neno lao lina uzito kuliko langu.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na yaliyo mbele yetu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Naomba halmashauri zetu zote za mkoa wa Kigoma, katika kuitekeleza, zidai kwamba ziara za ukaguzi baada ya upasuaji na mafuta ya kujikinga na jua vihesabiwe kuwa tiba. Naomba Maweni ipange siku moja ya kila mwezi ya kukagua ngozi, itangazwe misikitini, makanisani na kwenye mialo. Naomba shule ya Kabanga isaidiwe vivuli na mabomba kabla ya zawadi za sikukuu.

Na wewe uliyekaa hapo nyuma ukiwa na kidonda ambacho hakijafunga kwa zaidi ya wiki nne, au una kovu la moto lililoanza kutoa damu, usitoke kabla hatujaonana. Kuna chumba hapa pembeni, kuna muuguzi wa kike na wa kiume, na hutaulizwa kwa nini ulichelewa.